Disketi Ikae Barazani Kwanza

Rasbura, Lindi
5 Machi 2001

Kaka Cletus mpendwa,

Sasa hivi tu Helena ametumbukiza kipande cha muhogo mkavu kwenye ule mdomo wa kompyuta unaoingizwa disketi. Amekisukuma kwa kidole, akakaa chini, akaisubiri mashine itafune. Nimekitoa kwa pini ya nywele, na yeye analia kwa sababu nimemnyima mwenzake chakula. Bi Maimuna hakuona, alikuwa nyuma ya duka lake anaswali. Ndiyo maana nimeshika kalamu, moyo utulie.

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Hali zenu huko Dar, wewe na wifi Restuta? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mafua ya Helena ambayo hayaishi, na mama huko Mtama anasema mguu unamuuma mvua zikikaribia. Baba Helena tangu aende Tunduru kwenye madini sijapata neno lake. Simlaumu wala simsubiri sana, nakwambia tu uelewe nilivyo.

Kaka, ile kompyuta uliyomtafutia Bi Maimuna imenipa maisha. Mimi wa darasa la saba leo watu wananiita mama wa kompyuta. Napiga barua za shule, kadi za harusi, matangazo ya hitima. Na zaidi ya yote niko na mwanangu. Bi Maimuna ameniambia wazi: mtoto atalala chini ya meza yako maadamu kazi ya mashine inakwenda, siku kazi ikikushinda nitarudisha mtu wa taipureta, na wewe utatafuta pengine. Pengine penyewe ni kubeba samaki Mchinga alfajiri, na mtoto huwezi kwenda naye. Mama anangoja hilo. Kila akiandika ananiambia nimlete Helena Mtama, yeye atamlea. Najua atamlea vizuri. Lakini kaka, huyu mtoto akilala lazima ashike sikio langu. Mama atampa sikio la nani?

Sasa nina swali. Mashine imekuwa nzito. Ukibonyeza herufi, inafikiri kwanza. Imeanza tangu Abilahi alipokuja na disketi yake. Abilahi unamkumbuka, mtani wetu, ana duka la kompyuta ng'ambo ya barabara. Unajua sisi na kina Abilahi ni wa kuzikana, akifa wa kwao sisi ndio tunaoingia kaburini na mizaha yetu, akifa wa kwetu ni wao. Mtu wa namna hiyo akiondoa mboga sahanini kwako huna la kusema. Basi aliingia, akanisukuma kwenye kiti, akasema, "Ondoka hapa, kichwa kama nazi koroma, nikuonyeshe maua." Akaingiza disketi yake yenye programu ya kuchora maua pembeni mwa kadi. Maua mazuri kweli, Bi Maimuna alifurahi. Disketi hiyo imezunguka maduka yote ya taipu hapa mjini, tunaazimana kama tunavyoazimana kaa la moto.

Mwalimu mmoja amesema huenda mashine ina virusi. Je, ni kweli kompyuta inaugua? Na kama inaugua, inaambukizwa vipi wakati haipumui?

Mdogo wako,
Mama Helena


Dar es Salaam
18 Machi 2001

Mdogo wangu Dativa,

Marahaba sana. Barua yako nimeipata, mimi na wifi yako tumecheka huo muhogo mpaka majirani wakauliza kuna nini. Sisi wazima. Joto tu, na kazi nyingi mjini. Kila mtu siku hizi anafungua ofisi, na kila ofisi inataka kompyuta iliyotoka nje ikiwa imeshatumika, na kila iliyotumika inakuja na magonjwa yake.

Mwalimu amekwambia kweli. Kirusi cha kompyuta si mdudu, wala si kile cha binadamu. Ni maandishi yaliyoandikwa na mtu mwenye akili na roho mbaya. Yanajificha ndani ya programu, na ukiifungua hiyo programu yanajinakili kwenye programu nyingine, kimya kimya. Hayapiti hewani. Yanapita kwenye disketi. Kwa hiyo hilo kaa la moto mnaloazimana linaweza kuwa limechoma nyumba zote.

Nakuletea disketi yenye programu ya kupima na kuondoa virusi. Sisi dukani tunaiita dawa. Nimempa kondakta wa basi la Lindi, ulizia stendi. Angalia pembeni mwa disketi hiyo, kuna kidirisha kidogo nimekisogeza kikabaki tundu wazi. Usikirudishe. Tundu likiwa wazi hakuna kinachoweza kuandikwa humo, kwa hiyo dawa yenyewe haitaugua.

Disketi yoyote ya mteja, awe padri, awe mkuu wa shule, usifungue kilichomo kabla ya kuipima. Vya kwako navyo uvinakili kwenye disketi ya pembeni, uiweke mbali na mashine, siku ikiharibika usianze upya. Na disketi ya Abilahi usiiguse tena, utani ukae kwenye misiba.

Kuhusu Helena, mama ameniandikia na mimi. Sitaki kuingia kati yenu. Ila mama naye anazeeka, na wewe uko peke yako. Fikiri tu.

Kaka yako,
Cletus


Rasbura, Lindi
6 Aprili 2001

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Sisi salama, mvua zimeanza kwa nguvu na barabara ya kwenu wanasema inakatika kila siku.

Dawa nimeipata. Ilifika imefungwa ndani ya gazeti, na gazeti nimelisoma lote. Lile neno lako la kufikiri kuhusu Helena nimelisoma pia, mara nyingi, na bado niko pale pale.

Kaka, kupima disketi za watu umeniambia kirahisi sana. Wa kwanza alikuwa Mzee Bakary, mstaafu wa forodha, yule wa kofia ya kushona kwa mkono. Amekuja na disketi ameifunga kwenye leso safi. Nikaipokea, nikaanza kuipima mbele yake.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Naipima mzee, kama ina virusi."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alimtazama kuanzia kofia mpaka makubazi. Mzee akasema taratibu, "Mimi nimezaliwa mji huu na baba yangu kazaliwa mji huu. Sijapata kupimwa mlangoni." Akanyoosha mkono, nikamrudishia, akaifunga tena kwenye leso, akavuka barabara kwenda kwa Abilahi. Naye Abilahi alikuwa amesimama mlangoni kwake kama aliyeitwa. "Mtani," akanipazia sauti, "na mimi njoo unipime, nina joto."

Bi Maimuna hakugomba. Alinikalisha, akaniambia, "Mwanangu, biashara ni uso. Mtu ukikitilia shaka kitu chake, umemtilia shaka yeye. Fanya unavyojua, lakini mtu asitoke hapa amekunja uso."

Siku ile nilimsindikiza kwake kubeba mzigo. Nikakuta wageni wamekuja, tena ndugu zake wa damu kutoka Kilwa. Hakuna aliyepita moja kwa moja mpaka ndani. Wamekaa barazani kwenye mkeka, wamepewa maji, wameulizwa habari za safari, na huko ndani watu wanavaa vizuri na kuficha vya kufichwa. Ndipo wakaambiwa karibuni ndani. Hakuna aliyeona amedharauliwa. Nikasema kumbe.

Kesho yake nikasuka kimkeka cha ukindu, kidogo kama kiganja, nikakiweka mezani. Sasa mtu akija na disketi naipokea kwa mikono miwili, naiweka kwenye kimkeka, namvutia mwenyewe kiti, nampa maji. Namwambia, "Disketi yako imetoka safari, ikae barazani kwanza, huko ndani watoto wamelala." Wanacheka. Tunaulizana habari, na huku naipima pole pole, kimya kimya. Ikiwa chafu nasema mgeni alikuwa na vumbi, nimemuosha. Hakuna aliyekunja uso tena. Helena naye ameshika, akiona mtu na disketi anapiga kimkeka kwa kiganja anasema, "Kaa."

Na Mzee Bakary amerudi. Alisikia habari hizo msikitini. Amekaa kwenye kiti, amekunywa maji, akasema, "Hivi ndivyo." Ametupa kazi ya kadi za harusi ya binti yake, zote, na anazitaka siku ya Muungano kwa sababu siku hiyo ndugu zake wote wanakuwa mjini na atawagawia mkononi. Bi Maimuna amempa ahadi. Ameniambia hii ndiyo kazi itakayoonyesha kama duka lake lina mtu wa kompyuta.

Jambo moja limenisumbua. Nimeipima na mashine yenyewe kama ulivyosema. Ilipofika kwenye ile programu ya maua ikalia, kioo kikatoa maneno mekundu. Nimebonyeza iondoe, ikasema haiwezi. Maneno yenyewe nimeyanakili herufi kwa herufi kwenye hiki kipande cha karatasi, sijui maana yake. Mashine bado inafanya kazi. Nisubiri tu?

Mdogo wako,
Mama Helena


Dar es Salaam
Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili 2001

Dativa mdogo wangu,

Salamu za Pasaka. Sisi wazima, naamini nanyi mmesali salama. Nimetoka kanisani sasa hivi, nguo sijabadili, naandika haraka kwa sababu kuna sista wa huku kwetu anaondoka na meli ya Mtwara, na barabara imekatika kabisa. Magari yamelala upande huu wa Rufiji. Simu ya Bi Maimuna nimeipiga tangu jana, haiiti.

Soma hapa vizuri. Maneno uliyonakili ni jina la kirusi ninachokijua. Hiki hakina haraka. Kinakaa ndani ya mashine mwaka mzima, kinaangalia tarehe. Ikifika tarehe ishirini na sita Aprili, mashine ikiwashwa tu, kinaamka. Kinafuta kila kitu, na kwa mashine nyingine kinaua mpaka ule moyo unaoamsha kompyuta, usione hata mwanga kwenye kioo. Mwaka juzi nimeziona mashine zilizokufa hivyo hapa mjini kwa macho yangu.

Dawa niliyokupa ni ya zamani, inakitambua lakini haikiwezi. Mpya ninayo, ila haiwezi kukufikia kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo, siku ya Muungano mashine isiwashwe. Usiku kucha iwe imezimwa, mchana kutwa iwe imezimwa. Tarehe ishirini na saba washeni bila wasiwasi wowote, itawaka kama kawaida, kirusi kitakuwa kimelala tena. Kuna namna ya kuidanganya mashine kuhusu tarehe, lakini ukikosea kuipata sitakuwepo kukusaidia. Kuzima ni njia ya hakika.

Kadi za Mzee Bakary zimalizeni kabla. Na Abilahi mwambie. Mtani ni mtani, lakini kompyuta yake ni ugali wake.

Kaka yako anayekuwaza,
Cletus


Rasbura, Lindi
28 Aprili 2001

Kaka Cletus,

Shikamoo. Wifi hajambo? Sisi kwa afya hatujambo.

Barua yako sista ameileta Jumatano mchana, mwenyewe kwa mkono, na viatu vyake vimejaa tope. Muungano ilikuwa kesho yake. Kadi zilikuwa hazijachapwa. Mzee Bakary alikuwa amebadilisha jina la ukumbi, halafu umeme ukakatika siku mbili, tukasema tutazimaliza sikukuu asubuhi tukiwa na utulivu. Jumatano hiyo hiyo umeme ulikuwa haujarudi.

Nimemsomea Bi Maimuna barua yako neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kirusi anajuaje tarehe?"

"Mashine ina saa ndani, mama."

"Na akijua, Muungano unamhusu nini?"

Nikaikunja barua. Akasema, "Dativa, ahadi niliyoitoa ni yangu, si ya kaka yako. Umeme ukirudi, asubuhi tunawasha." Akafunga duka, akanipa ufunguo kama siku zote, kwa sababu mimi ndiye ninayefungua.

Nikavuka kwa Abilahi kumwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtani, mnazima mashine kwa kuogopa sikukuu? Leteni huku hizo kadi, mimi naiwasha tangu alfajiri. Yangu ikifa uje unizikie, na uje na sanda."

Kaka, nilifanya jambo. Nilirudi dukani, nikachomoa waya wa umeme wa kompyuta, nikaufunga ndani ya kanga pamoja na Helena mgongoni, nikaenda nao nyumbani. Nilijua nikiacha waya, Bi Maimuna ana ufunguo wa pili.

Sikukuu asubuhi umeme ukarudi. Haikupita muda Bi Maimuna amesimama uani kwangu, na mwavuli. Helena alikuwa amekaa mlangoni anatafuna kichwa cha ule waya.

"Waya ninauona," akasema. "Nipe."

"Kesho asubuhi nitauleta mwenyewe, mama."

"Mzee Bakary anazitaka kadi leo."

"Najua, mama. Naomba unisamehe. Kesho."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alimtazama Helena, akamtazama na waya, akageuka akaenda zake. Kumnyang'anya mtoto kitu mdomoni hakutaka, na kunipokonya mimi ni kushindana, naye si mtu wa hivyo. Kazi ya Mzee Bakary akaipeleka mwenyewe kwa Abilahi.

Jana nikaurudisha waya. Bi Maimuna akauchomeka kwa mkono wake, akabonyeza. Mashine ikawaka. Kila kitu kimo, barua zote, matangazo yote, hata maua.

Akaniuliza, "Iko wapi hiyo maiti?"

Nikasema, "Haipo mama, kwa sababu jana hatukuwasha."

Kaka, hata masikioni mwangu ilisikika vibaya. Kama mganga anayekwambia simba hakuja kijijini kwa sababu yeye alimfukuza. Utamwonyeshaje mtu kitu ambacho hakikutokea? Akasema, "Mwanangu, mimi sikukasirikii kwa ajili ya kirusi. Nakukasirikia kwamba umenifanya mwongo mbele ya mzee wa watu." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Kimkeka changu nimekiacha pale mezani, sikuwa na moyo wa kukichukua.

Mama nimemwandikia aje. Atashuka kutoka Mtama akimaliza kuvuna mpunga. Nimeanza kumzoesha Helena kulala bila sikio, nampa pindo la kanga. Analipapasa, halafu analitupa.

Usijilaumu. Ulichoniambia nakiamini.

Mdogo wako,
Mama Helena


Dar es Salaam
2 Mei 2001

Dativa,

Hamjambo huko? Sijapata neno lako tangu Pasaka na sijui kama sista alikufikia. Simu ya Bi Maimuna bado haiiti. Wifi yako anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Barabara imefunguka leo, kwa hiyo nawahi. Ndani ya bahasha kuna disketi mbili za dawa mpya, vidirisha nimevifungua vyote viwili. Moja ni ya Bi Maimuna. Hata kama mlizima siku ile, kirusi bado kimo, kimelala tu, mwakani kitaamka tena. Hii itakitoa. Fuata maelezo niliyoandika juu yake, usiruke mstari. Ya pili ni ya Abilahi.

Hapa mjini waliokuja kazini siku ya sikukuu wamelia. Ijumaa nimefungua duka nikakuta watu wamekaa ngazini, kila mmoja amepakata mashine yake kama mgonjwa. Kama kuna mtu huko yake imekufa, asiitupe na asimruhusu fundi wa redio aiguse. Aifunge vizuri kwenye blanketi aitume kwangu, ule moyo ninaweza kuubadilisha. Vilivyofutika siahidi.

Nimemnunulia Helena viatu. Nimekisia mguu.

Kaka yako,
Cletus


Rasbura, Lindi
11 Mei 2001

Kaka yangu mpendwa,

Sasa hivi Helena amelifungua furushi la nguo zake nililolifunga jana, akazitoa moja moja mpaka akafika chini kwenye mkeka wa kulalia. Ameutandika mlangoni, amechukua disketi zako mbili, ameziweka juu yake kwa adabu na kuzipiga piga kwa kiganja. "Kaa," anaziambia. Yeye mwenyewe amekaa pembeni yake na viatu vyako miguuni. Ni vikubwa kidogo, akikua vitamtosha. Furushi nimelifunga upya nikaliweka nje ya mlango, kwa sababu mama anafika kesho na gari la kwanza.

Shikamoo. Wifi naye mpe salamu zangu nyingi. Barua zetu zimepishana njiani, bila shaka sasa umeshaipata ile yangu na unajua yote. Kwa hiyo hizi disketi zimenikuta sina mashine ya kutibu. Nilitaka kumpelekea Bi Maimuna yake, nikafika mpaka kona ya duka, nikarudi. Ataona naendelea kubishana.

Lakini ya Abilahi nilimpelekea jana. Duka lake limefungwa ubao mmoja, mwingine wazi. Nikapiga hodi. Akatoa kichwa. Nikamwambia, "Mtani, mbona unachungulia kama mwizi wa mayai?" Hakujibu, kaka. Sijawahi kuona. Mtani akishindwa kujibu mzaha ujue anaumwa. Nikamuuliza kadi za Mzee Bakary zimekwendaje. Akasema umeme mdogo. Umeme mdogo tangu sikukuu mpaka jana, na mashine ya kusaga ya jirani yake inanguruma. Nikaelewa. Nimempa disketi yake, nikamwambia maneno yako, kwamba kama kuna mashine ya mtu imekufa isitupwe, kaka yangu anaweza kuubadilisha moyo. Nimesema ya mtu, sikusema yako. Akaipokea, akanirudishia tena, "Kaa nayo kwanza," akafunga ubao.

Kwa Bi Maimuna sikwenda kusema. Msiba wa mtu anautangaza mwenyewe.

Subiri kaka, kuna kelele nje.

Nimerudi. Naandika wageni wamekaa hapo barazani, nimeingia kuwaongezea maji. Amekuja Abilahi. Amekuja na baiskeli, nyuma kwenye keria amefunga kitu kimefunikwa shuka jeupe, watoto wa Rasbura wote wanamfuata, na yeye analia kwa sauti ile ya kuigiza ambayo ni watani tu wanaolia hivyo. "Jamani mtani wangu, nimefiwa, njoo uzike, uliniambia nikakucheka." Nimefunua shuka, ni kompyuta yake. Anasema aliiwasha sikukuu umeme uliporudi tu, kama alivyoapa, kioo kikawa cheusi, na tangu siku hiyo haijasema hata neno. Kadi hakuchapa hata moja. Alimwambia Mzee Bakary asubiri, kila siku asubiri, mpaka leo baada ya swala ya Ijumaa mzee alipomkamata mkono akamuuliza mbele ya watu. Akaona bora aseme ukweli. Nikamwambia, "Sanda umeleta, kaburi lako liko Dar, kwa Cletus. Nauli ya maiti unatoa wewe." Akacheka, kaka. Ndiyo nikajua amepona.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ya kuja kwangu alimpitia Bi Maimuna, akaiteremsha mashine mlangoni kwake. Akamwambia, "Hii ndiyo maiti uliyokuwa unaiulizia." Na Bi Maimuna amekuja naye. Amekuja na Mzee Bakary pia. Wamekaa kwenye mkeka alioutandika Helena, mzee amevua makubazi, wanakunywa maji. Mpaka sasa Bi Maimuna hajaniambia neno lolote zaidi ya salamu. Kimkeka changu cha ukindu amekuja nacho, amekishika mkononi. Ametazama furushi mlangoni, akauliza linakwenda wapi. Nimejibu, linakwenda Mtama kesho, mama. Mzee Bakary ndiye aliyekohoa, akasema harusi imesogezwa mbele, kwa hiyo kadi bado zinahitajika, na yeye hana haraka, disketi yake anajua itakaa barazani kwanza.

Disketi ya dawa nimeiweka mfukoni tayari, sijui kama nitaulizwa. Helena amepanda magotini kwa Bi Maimuna na kumshika sikio, na yeye amemwachia. Nisiseme mengi kaka, naogopa kutamka kitu kabla hakijawa. Nasikia funguo zinalia mkononi mwake, ananiita, anasema Dativa toka nje, na hilo furushi la mtoto lirudishe ndani mvua isilikute, bibi yake akija kesho mwambie anywe chai apumzike, sisi asubuhi tuna kazi.